Hodi ya Mia

Usiku kompyuta zilijisasisha zenyewe.
Mimi nimelala Mkomani, mdomo wazi,
nazo huku Langoni, mlango una komeo na kufuli mbili,
zinabadilishana nguo gizani.

Asubuhi nafungua saiba, nawasha feni,
nafagia vumbi la chokaa la jirani anayekarabati,
na mashine nambari tatu inanisalimu:
Je, unairuhusu programu-jalizi hii?
Nabofya Ruhusu.
Inauliza tena.

Wa kwanza kuingia ni Mwalimu Thureya.
Amestaafu tangu mwezi wa nne, pensheni haijaonekana.
Ana bahasha ya kaki na miwani ya dadake.
Fomu yake ni ya zamani, haifunguki
ila kwa jalizi hiyo hiyo,
na mwisho wa kuituma ni leo, saa kumi.

Je, unairuhusu?
Naruhusu.
Je, unairuhusu?
Naruhusu, naruhusu, wallahi naruhusu,
kama mwari mbele ya kadhi kiziwi.

Nazima, nawasha.
Nafuta akiba ya kurasa, nafuta vidakuzi.
"Vidakuzi?" Mwalimu anauliza. "Huu ni Shaabani, mwanangu,
daku bado."
Nampigia Twalib, yuko Mombasa.
"Zima, kisha uwashe."
Nimeshazima.
"Basi washa."
Nakata simu kabla ulimi haujanikosesha adabu.

Saa sita umeme unapotea, unarudi,
na swali linarudi nao, halijapungua hata herufi.
Nje punda wa mchanga amekwama na kijana anamtukana kwa upole.
Mwalimu anavuta kiti.
"Umelisoma mpaka mwisho?"
"Nini?"
"Hilo swali."

Nimelibofya tangu saa mbili. Kulisoma, sijalisoma.
Anavaa miwani ya dadake, anaweka kidole kwenye kioo,
anasoma kwa sauti ile ya ubaoni,
nukta kwa nukta, mkato kwa mkato,
mpaka chini kabisa, kwenye vijiherufi vya kijivu:
toleo la tisa.
Kumbe asubuhi kutwa ninayemkaribisha ni wa kumi na moja.

Wako wawili. Jina moja, alama moja.
Sasisho lilimleta mpya na kumsahau mkongwe,
na kila nikimpisha huyu
yule yuko kizingitini, anabisha.
"Nilikuwa na akina Shukri wawili darasa la sita," anasema.
"Ukimwita mmoja, anasimama mwingine.
Dawa ni kuita na jina la baba."

Naingia kwenye orodha. Namtafuta wa tisa.
Ondoa. Una hakika?
Nina hakika.
Kivinjari kinafunga, kinafungua.
Kimya.
Kimya kizuri mpaka nikasikia feni inalia mafuta.

Fomu inafunguka, nyeupe.
Jina. Nambari ya ajira. Shule ya mwisho.
Jina la mwenzi wako.
Hapo Mwalimu anakaa.
Hakuna kisanduku cha marehemu, nimetafuta juu na chini.
"Liandike tu," anasema. "Hakunikataza."

Saa tisa na dakika arobaini: Imepokelewa.
Analipa hamsini, hataki chenji,
na nyuma ya karatasi iliyoharibika kwenye printa
anaandika, anaibandika juu ya skrini kwa gundi yangu mwenyewe:

Hodi mara tatu jama, mgeni mwenye adabu,
Asipojibiwa hima, hugeuka si aibu,
Wewe wagonga daima, huchoki kunisulubu,
Mlango nimeufunga, tafuta wa kukujibu.

Ameondoka.
Nambari nne bado sijaiwasha.
Najua inachotaka kuniuliza.
Nanawa uso, navuta kiti,
naazima sauti ya ubaoni.